Vilivyofifia

Mvua ya Tukuyu haina adabu, haibishi hodi.
Nilishuka stendi begi limefungwa kwa nailoni,
ndani bisibisi, flashi mbili,
na andazi la Uyole lililokwisha kuwa uji.

Bi Subilaga ameketi mbele ya mashine ya kudarizi,
sindano kumi na mbili zimekodoa, hazina kazi.
Pembeni masweta ya kijani mia moja na arobaini,
vifua vitupu, yanangoja nembo.
Shule zinafunguliwa Jumatatu. Leo Alhamisi.

"Ile ya zamani inawaka, ila inakohoa.
Hii mpya nimeinunua kwa hela ya mchezo.
Programu imeingia vizuri, kisha ikaniuliza:
leseni iko wapi?
Najuaje mimi? Aliweka marehemu."

Marehemu Angolwisye nilimfahamu kidogo,
mtu wa kufuli juu ya kufuli,
ufunguo wa stoo ndani ya gunia la mchele wa Kyela,
na gunia lenyewe ndani ya stoo.

Nikaanza pale kila mtu anapoanzia,
kwenye nyaraka, kwenye vilivyopakuliwa.
Ankara za uzi. Picha za kwaya ya Moravian, nyingi, zote zimetikisika.
Nikatafuta kwa jina. Ya zamani ikazungusha kiduara chake
kama bibi achambuaye maharage huku anasinzia,
ikajibu: hakuna.

Hakuna ya kompyuta
ni hayupo ya mtoto mlangoni
aliyetumwa na baba yake aliye chumbani.

Nikaingia kwenye mipangilio, nikatia tiki moja:
onyesha vilivyofichwa.

Mama, njoo uone.
Folda zikachomoza zimefifia, rangi ya ukungu wa Rungwe
kabla jua halijaamua.
Zilikuwepo siku zote. Tulikuwa tunazipita tu.

Nikafungua moja, ndani nyingine,
ndani ya nyingine jina refu la tarakimu,
kama kubandua mgomba, ganda, ganda,
mikono inateleza kwa utomvu,
hadi moyoni.
Faili moja. Kilobaiti mbili. Mkia wa herufi tatu.
Tarehe yake ya miaka tisa nyuma.

Karibu yote ilikuwa vurugu,
maneno ya mashine kwa mashine.
Ila mstari wa tatu ulisomeka:
mwenye leseni, Subilaga Mwakatobe, fundi mkuu.

Akaniambia nirudie.
Nikarudia.

"Miaka tisa," akasema, "mteja akiingia
anamwambia, huyu ananisaidia saidia.
Kibao cha nje kaandika Angolwisye na Wanawe,
na tumezaa mabinti watupu."
Akavuta kiti, akasoma mwenyewe, kidole kwenye kioo.
"Mficha maradhi, kilio humfichua.
Huyu sasa alikuwa anaficha nini? Heshima?"

Sikuwa na jibu, nilikuwa na flashi.
Nikainakili, nikaipeleka mpya, njia ile ile,
jina lile lile herufi kwa herufi.
Roho ilinidunda, maana ziko leseni
zilizofungwa na mwili wa mashine moja,
ikifa zinazikwa nayo.
Hii haikuwa ya namna hiyo.
Programu ikafunguka, haikuuliza tena.

"Niifiche kama alivyoificha?"
"Hapo ilipo iache, kazi iendelee.
Nakala niwekee juu, waziwazi,
kando ya kwaya."

Sindano zikashuka zote kwa pamoja, taa ya chumba ikapepesa.
Nembo ya kwanza ikatoka imepinda upande wa kushoto,
kidogo tu, mimi nisingeiona.
Akaigeuza, akachukua wembe,
akaifumua.